Anti, ikifika saa ya kufunga hesabu mikono inatetemeka

Barua zenu za safari hii karibu zote zimekuja na jambo moja, hofu na presha za kazini. Nimechagua chache nikazijibu kwa kirefu pale panapohitaji, maana kuna mambo ukiyajibu kwa mstari mmoja unakuwa hujamsaidia mtu. Majina nimeyaacha.

Shikamoo anti. Mi ni keshia kwenye supamaketi hapa Dar, mwaka wa pili sasa. Mchana nipo sawa kabisa nacheka na wateja, ila ikifika saa moja jioni hivi, muda wa kufunga hesabu, tumbo linaanza kukata, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka mpaka noti zinadondoka. Ilianza nilipopata shoti, yaani hela ya droo ilipungua elfu arobaini, wakanikata kwenye mshahara, mwezi uliofuata wakanikata tena na wala sikuonyeshwa imetokea wapi. Sasa hivi nahesabu mara tatu mara nne, kila nikirudia napata jibu lingine, na supavaiza amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Jumapili jioni sipati usingizi. Jirani anasema nimechezewa, mume wangu anasema nijikaze kazi ngumu zipo kila mahali. Nina ugonjwa wa moyo au mi ni mwoga tu? – Keshia, Sinza

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hilo la mwisho, wewe sio mwoga. Umekatwa hela mara mbili bila kuelezwa, halafu kila jioni unarudishwa kwenye kaunta ileile, muda uleule, na mtu amesimama mgongoni. Mwili wako umejifunza kwamba saa moja jioni kuna kitu kibaya kinakuja na unakuandaa mapema.

Kinachotokea ni hivi. Ubongo ukihisi hatari unapeleka taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakimbia ili misuli ipate damu ya kutosha, pumzi zinakuwa fupi fupi, tumbo linaacha kwanza kazi ya kusaga chakula ndo maana linakata, na mikono inatetemeka kwa sababu misuli imeshajiandaa kupigana au kukimbia wakati wewe umekaa kwenye stuli unapanga noti za elfu tano. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliyaandika haya tangu 1915 kwa hiyo sio kitu kipya wala cha kwako peke yako. Ni kama mbwa wa getini, anambwekea mwizi na anambwekea mgeni vilevile, kazi yake ni kubweka tu.

Halafu kuna hili la kuhesabu mara nne na kupata majibu manne. Hofu inakula ile sehemu ya akili inayoshika namba kwa dakika chache, ukishika "mia tatu na sitini" wasiwasi unaingia "je nikikatwa tena kodi natoa wapi" na ile mia tatu na sitini imeshapotea, unaanza upya, safari hii na hofu zaidi. Kwa hiyo mtu anayekuambia "kuwa makini" akiwa amekusimamia mgongoni anaongeza makosa badala ya kuyapunguza, na naomba masupavaiza wanaosoma hapa walisikie hili.

Kuhusu moyo, siwezi kukupima kwa barua mwanangu, kwa hiyo nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe presha, wingi wa damu na sukari, na umwambie daktari habari ya kutetemeka ili aangalie na tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, moyo unaweza kwenda mbio hivyohivyo na watu wakaita stresi. Mapigo ya moyo yakija na maumivu ya kifua au kuzimia, hapo usisubiri siku ya mapumziko. Na uangalie unakunywa nini jioni. Makeshia wengi wanasukuma siku kwa enaji drinki na kahawa, sasa kafeini ukiinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, unaongeza mapigo ya moyo juu ya mapigo.

Kabla hujafungua droo kuhesabu, omba dakika tatu. Toka nyuma ya duka, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita au saba, usiilazimishe, rudia rudia. Pumzi inayotoka polepole inapunguza mwendo wa moyo, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Hofu haitaisha yote, itashuka kiasi cha mikono kushika noti, na kwa sasa hicho ndo tunachotaka.

Ila nisikudanganye, pumzi peke yake haitoshi, kwa sababu shoti ni kitu cha kweli na makato ni ya kweli. Mwaka 1979 mtafiti mmoja anaitwa Robert Karasek alieleza jambo ambalo mpaka leo wanaosoma mambo ya kazi wanalitumia, kwamba kazi inayochosha roho zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa huku mfanyakazi hana usemi wa namna ya kuubeba. Wewe una mzigo wote wa droo na usemi huna kabisa, kwa hiyo tukutafutie usemi hata kidogo.

Asubuhi floti, ile hela ya chenji ya kuanzia siku, ihesabiwe na watu wawili, wewe na anayekukabidhi, wote msaini hata kama ni kwenye daftari la mkono. Ukienda kula funga droo na utoke kwenye mfumo, usimuachie mwenzio kaunta kwa jina lako hata kama ni rafiki yako wa damu, shoti nyingi zinazaliwa mchana kwenye ile "nishikie dakika mbili" na jioni inakuwa yako. Mteja akikupa noti ya elfu kumi, iache juu ya droo mpaka achukue chenji yake ndo uiingize, hapo hata akisema "nimekupa mbili" noti iko pale inaonekana. Kwenye malipo ya simu usikubali meseji ya kwenye simu ya mteja hata kama foleni imefika mlangoni na watu wanalalamika, subiri hela ionekane upande wa duka, kuna meseji za kutengeneza na kuna miamala inarudishwa. Mchana droo ikijaa noti kubwa, kabidhi kwa supavaiza kwa maandishi ili jioni ubaki na kidogo cha kuhesabu. Na jioni anza na noti kubwa, funga kumi kumi, kila bunda andika kwenye karatasi kabla hujagusa lingine, ukichanganyikiwa unarudia bunda moja tu badala ya droo nzima. Halafu mwambie supavaiza kwa heshima kabisa, "naomba tuhesabu wote na tusaini wote". Akiwa upande wa kuhesabu hawezi tena kuwa upande wa kukusimamia mgongoni.

Sasa makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 imeliongelea hili waziwazi. Mwajiri hawezi kukukata kufidia hasara hivihivi tu, ni mpaka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, awe amekupa kwa maandishi sababu na kiasi na kilivyopatikana, akupe nafasi ya kubisha, asizidishe hasara yenyewe, na jumla ya makato yasivuke robo ya mshahara wako. Usiende ofisini na sheria mkononi unapiga meza, nenda na barua fupi, "naomba maelezo ya makato ya mwezi fulani na mwezi fulani", bakiza kopi. Hata kama hela haitarudi, siku watakayotaka kukata tena watajua unauliza, na wewe utalala ukijua kwamba makato hayadondoki kutoka hewani.

Jirani mshukuru, na kama unasali sali, mi mwenyewe nasali, ila dua na daftari lenye sahihi mbili vinaweza kwenda pamoja. Mume wako simuoni mbaya, wanaume wengi neno walilopewa wao utotoni ni hilohilo la kujikaza ndo analokupa na wewe. Usimwambie "nina stresi", mwambie kitu anachoweza kufanya, kwa mfano Jumapili jioni aandae watoto na sare zao wewe ulale saa tatu.

Mambo anti, mi nafanya kazi ofisini Dodoma. Bosi wetu ana tabia ya kutuma meseji saa tano usiku, "kesho asubuhi uje ofisini kwangu", hasemi kuna nini. Usiku mzima nafikiria nimekosea wapi, naamka nimechoka, nikifika nakuta anataka ripoti tu. Na grupu la kazi linalia mpaka usiku wa manane. Nifanyeje? – Mchovu

Poa mwanangu. Kinachokuumiza hapo ni kutojua, na kutojua kunaumiza kuliko unavyofikiri. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliweka watu kwenye mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka, nyoka akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi, na stresi ilikuwa kubwa zaidi pale walipokuwa hawana hakika, nusu kwa nusu, kuliko hata pale walipojua kabisa kwamba watapigwa. Sasa bosi wako kila usiku anakuweka kwenye nusu kwa nusu bila kujua, na mi naamini wengi wao kweli hawajui, kwake yeye ni kukumbuka jambo kabla hajalala.

Kwa hiyo mjibu hapohapo, kwa adabu, "Sawa bosi, nije na nyaraka gani?" Swali hilo halina ujeuri wowote na mara nyingi litakuletea jibu, "njoo na ripoti ya mwezi wa tatu", unalala. Asipojibu, ujue na yeye amelala.

Grupu lizime sauti kuanzia saa mbili, simu ichaji sebuleni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha ili usiwe na kisingizio cha kulala na simu. Mkiwa na kikao cha timu pendekeza kwamba jambo la dharura mtu apige simu, yale mengine yasubiri asubuhi, mabosi wengi wanakubali wakiambiwa hivyo maana hata wao wanachoka. Ufaransa tangu 2017 makampuni yenye watu kuanzia hamsini yanatakiwa kisheria kukaa na wafanyakazi na kupatana juu ya meseji za baada ya kazi, na Kenya mswada wa namna hiyo ulifika Seneti 2022. Huku kwetu sheria inasema saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, zikizidi hapo ni ovataimu na ovataimu inahitaji makubaliano na malipo, kwa hiyo hutakuwa unaomba fadhila.

Habari anti. Mie ni muuguzi pwani ya Kenya, niko wodi ya akina mama miaka sita. Zamani nilikuwa nalia mgonjwa akifa, siku hizi sihisi kitu, nafunika, najaza fomu, naenda kwa mwingine. Mwezi uliopita nilimfokea mama aliyekuwa na uchungu, mtoto wake wa kwanza, na uso wake hauniondoki. Naiti nne mfululizo, wauguzi wawili kwa wodi nzima. Naogopa kuingia kazini, si kwa sababu ya wagonjwa bali naogopa vile nimekuwa. Kuna dawa? – Dada wa wodini

Dada yangu, barua yako niliisoma nikaiweka chini nikaichukua tena. Huyo unayemwogopa hajawa mtu mbaya, mtu mbaya uso wa yule mama ungeshamtoka siku hiyohiyo. Umechoka kwa namna ambayo likizo ya wikiendi haiigusi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiingiza hali hii, kwa Kiingereza wanaiita burnout, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ila likasema wazi kwamba yenyewe sio ugonjwa, ni hali inayoletwa na stresi ya kazi iliyokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na alama zake walizitaja tatu: kuishiwa nguvu, kujiweka mbali na kazi au kuichukia, na kujiona huna tena uwezo wa kuifanya. Wewe umeziandika zote tatu kwa maneno yako mwenyewe. Nakutajia hili kwa sababu moja, hali inayoletwa na kazi haiponi kwa kumrekebisha mfanyakazi peke yake, na wauguzi wawili kwa wodi nzima sio kasoro ya moyo wako.

Dawa ya kumeza kwa hili hakuna, na nakuomba sana, wewe dawa ziko karibu yako, usianze kujipa vidonge vya usingizi baada ya naiti. Vinaingia kirahisi na kutoka ni shida.

Yule mama, kama bado yupo karibu au anakuja kliniki na mtoto, nenda umwambie pole, maneno mawili matatu tu. Nimeona mara nyingi watu wakibeba kitu miaka kumi ambacho kingeshushwa kwa dakika mbili. Akiwa hayupo tena, mwambie mwenzio wa zamu mnayeaminiana, kwa sauti, jambo lilivyokuwa.

Kingine, mgonjwa akifariki msipitilize. Mwombe muuguzi mkuu wa wodi kwamba wakati wa kukabidhi zamu mchukue dakika kumi, kila aliyekuwepo aseme kilichotokea na kilichomkaa, bila kutafuta nani alikosea, kisha mwendelee. Haihitaji bajeti wala barua ya kaunti. Kule kutohisi kitu ni ganzi, na ganzi inakuja pale ambapo maumivu hayakupata pa kutokea.

Ratiba nayo, naiti nne mfululizo ni nyingi, ombeni kama kikundi na sio wewe peke yako, peke yako utaitwa mvivu. Na likizo yako umeichukua lini? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka na mshahara wako kamili, zichukue zote kwa pamoja na usizitumie kufanya kazi hospitali binafsi, najua mnafanya hivyo na najua karo za watoto ndo zinawasukuma, ila mwaka huu hapana. Ukirudi na ganzi iko palepale, omba kuhamishwa wodi kwa muda na uonane na mshauri nasaha.

Shikamoo anti, nimepandishwa cheo kazini huku Mwanza na sasa natakiwa kuongea kwenye kikao kila Jumatatu. Nikisimama sauti inakatika, nasikia joto, nasahau. Wiki mbili nimesingizia naumwa. Usiku nakunywa bia mbili tatu nipate usingizi. – Meneja mpya

Marahaba baba. Kila Jumatatu unayosingizia kuumwa unapata nafuu hapohapo, na hiyo nafuu ndo inayolisha hofu, kwa sababu mwili unajifunza kwamba umeokoka kwa kukimbia, Jumatatu ijayo inakuwa ndefu zaidi. Njia ni kurudi kwa hatua ndogo. Jumatatu hii nenda, usome takwimu tatu tu ukiwa umekaa, karatasi mkononi, dakika mbili. Inayofuata ongeza swali moja utakalomuuliza mtu. Kaa kwenye kikao mpaka hofu ishuke yenyewe, itapanda, itafika juu, itashuka, ila ukitoka ikiwa juu hutaiona ikishuka. Sentensi ya kwanza iandike na uikariri usiku, ukivuka hiyo nyingine zinakuja. Na wahi ukumbini uwasalimie watu mmoja mmoja, ni vigumu kuogopa chumba ambacho umeshauliza habari za watoto wa kila mtu.

Bia ni kweli zinakulaza haraka, lakini zinavuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndo maana unaamka saa tisa au kumi macho makavu na mawazo yote ya kikao yamekaa kitandani. Anza na usiku wa Jumapili bila bia. Ukiona huwezi hata usiku mmoja, au kila siku zinaongezeka, nenda hospitali ukaseme, huduma za afya ya akili zipo hospitali za rufaa za mikoa, hazipo Mirembe ya Dodoma tu kama watu wanavyodhani. Hili nawaambia na wengine wote mliosoma mpaka hapa: ukifika mahali unawaza kwamba bora usingekuwepo, usingojee jibu langu, siku hiyohiyo mwambie mtu wa karibu akusindikize hospitali yoyote iliyo karibu, kitengo cha dharura, usikae peke yako.

Anti swali fupi, bosi ananitukana mbele ya wateja kila siku, nimevumilia mwaka mzima. Niache tu kazi? – Mbeya

Usiache leo kwa hasira. Kwanza anza kuandika, tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo, kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa aliye juu yake au kwa chama cha wafanyakazi kama kipo. Ile Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 36 inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akaondoka, huko nako kunahesabika kuwa ameachishwa, ila ni wewe utakayetakiwa kuonyesha hivyo ilikuwaje, na bila lile daftari utabaki na maneno matupu. Ukiondoka una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fomu namba 1 ndo ya kuanzia. Wakati unaandika hilo daftari tafuta kazi nyingine kimyakimya, na jioni usikae na matusi hayo peke yako, mwambie hata ndugu mmoja.